Ushabiki wa Coventry City Ndani ya Kibanda Umiza

Bao linalofutwa na VAR huuma kulingana na muda ambao mtu alilishangilia, na shabiki wa Coventry City aliyekuwa ndani ya kibanda umiza jioni ya Jumapili, tarehe 21 Aprili 2024, alipewa muda mrefu mno. Ilikuwa nusu fainali ya Kombe la FA, uwanja wa Wembley, dhidi ya Manchester United. Hadi dakika ya 70 ubao ulisoma 3-0, na kibanda, ambacho kwa desturi ni himaya ya Manchester United kuanzia mwenye runinga hadi muuza kahawa wa mlangoni, kilikuwa kimeshahamia kwenye mazungumzo ya fainali. Dakika ya 71 Ellis Simms wa Coventry akafunga. Dakika ya 79 shuti la Callum O'Hare likamgonga beki, likapaa na kumshinda kipa. Katika dakika za majeruhi Haji Wright akafunga penalti, 3-3. Muda wa ziada ukiwa umebakiza pumzi moja, Wright huyohuyo akapiga krosi, Victor Torp akaugusa mpira ukaingia.

Shabiki wa Coventry kibandani huwa mmoja. Kwa hiyo shangwe yake haina mahali pa kujificha: hakuna wa kukumbatiana naye, hupanda juu ya benchi, huzungusha jezi hewani, na huwaambia majirani maneno yanayohusu ukoo wao wa kisoka, maneno ambayo hayarudishiki. Ndipo refa anapoweka kidole sikioni.

Bao likafutwa kwa kuwa Wright alihesabiwa ameotea. Msimu ule kuotea kulipimwa hivi. Fundi wa VAR alianza kwa kutafuta picha moja tu: ile ambayo mguu wa mtoa pasi unaugusa mpira. Kisha aliweka alama kwenye kiungo cha beki kilicho karibu zaidi na goli lake, na nyingine kwenye kiungo cha mshambuliaji kilichotangulia. Kiungo hicho sharti kiwe kinachoruhusiwa kufungia bao, yaani kichwa, goti, kidole cha mguu, au bega mpaka usawa wa kwapa; mkono hauhesabiwi, ndiyo maana mshambuliaji anaweza kunyoosha mkono kuelekea golini kadiri apendavyo bila kosa. Kiungo kikiwa hewani, kompyuta ilikishushia mstari wima mpaka kwenye nyasi, kama mwashi anavyoshusha timazi. Kutoka hapo mstari ulivutwa upande hadi upande wa uwanja, na hesabu ilifanywa kurekebisha ukweli kwamba kamera iko juu jukwaani, inatazama kwa mshazari, na lenzi hupindisha kingo za picha. Mistari miwili, ya rangi mbili. Wa mshambuliaji ulipokuwa mbele, hakukuwa na bao.

Ilikuwa kazi nzuri, na anayeipenda hesabu angeweza kuitazama usiku kucha. Kasoro yake ilikuwa kwenye ile hatua ya kwanza. Kamera za kawaida za matangazo hupiga picha 50 kwa sekunde. Mchezaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde husogea sentimita 16 kati ya picha moja na inayofuata, na mguu huenda uliugusa mpira katikati ya picha hizo mbili, mahali ambapo hapana picha. Kidole cha mguu cha Wright kilionekana kumzidi beki wa Manchester United, Aaron Wan-Bissaka, kwa kiasi ambacho watu walio mbele ya runinga hawakukiona hata baada ya kuchorewa. Chombo kinachoruka sentimita 16 kwa hatua kiliaminiwa kupima ukucha. Watetezi wa mfumo husema bao la Manchester United lingepimwa vilevile. Ni kweli, ila mwenye nguvu hupoteza nusu fainali na kurudi kwenye nyingine baada ya mwaka. Coventry ilikuwa haijafika hatua hiyo ya kombe hilo tangu 1987. Adhabu ni ileile kwenye karatasi tu.

Kwenye matuta Casemiro wa Manchester United akakosa la kwanza, jambo lililosaidia tu kurefusha matumaini. O'Hare na Ben Sheaf wakakosa ya kwao. 4-2, na kiingilio hakirudishwi.

Kilichotolewa na kidole kiliwahi kuletwa na goti. Mwaka 1987 Coventry ilitwaa kombe hilo kwa kuifunga Tottenham 3-2, bao la ushindi likitokana na krosi iliyogonga goti la beki wa Tottenham, Gary Mabbutt, na kuingia golini kwake mwenyewe. Wakati huo klabu ilikuwa katikati ya miaka 34 mfululizo ya daraja la juu, 1967 hadi 2001. Waafrika wengi waliijua kupitia Mzimbabwe Peter Ndlovu, aliyejiunga nayo mwaka 1991 na kuifunga Liverpool mabao matatu pale Anfield mwaka 1995. Ushabiki huo ulichukuliwa ukiwa mbichi. Kushuka mpaka daraja la nne mwaka 2017 hakukuwemo kwenye mkataba.

Jezi yake ni ya samawati, kwa hiyo mtaani mvaaji hupongezwa kwa ubingwa wa Manchester City au hutukanwa kwa ajili yake. Wauza jezi feki hawajishughulishi na Coventry, maana feki hufuata soko. Iliyopo huwa imetoka kwenye mitumba, halisi kabisa, na mgongoni ina jina la mtu aliyehama zamani.

Kuiona mechi ni shida nyingine. Uingereza, kwa utaratibu ulioanza miaka ya 1960, mechi za Jumamosi alasiri hazirushwi moja kwa moja, ili watu waende viwanjani na klabu ndogo zisife. Zuio hilo halivuki bahari. Mkazi wa Coventry hawezi kuiona mechi ya Arsenal ya saa 9 alasiri, saa za huko, kwenye runinga yake. Mkazi wa Tandale, Dar es Salaam, anaiona bila wasiwasi. Ya Coventry haioni, kwa sababu kibanda hulipwa kwa kichwa, na kichwa kimoja hakiwashi runinga. Hubaki simu, bando, na namba za matokeo zinazobadilika. Majirani nao huijua klabu hiyo vizuri kuliko wanavyokiri, kwani iliwahi kuwachania mkeka wa kubeti.

Na hata namba hizo zina visa vyake. Mwaka 2022 mechi ya kwanza ya nyumbani ya msimu iliahirishwa kwa kuwa nyasi za uwanja zilikuwa zimeharibiwa na raga ya Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Mwaka 2023 fainali ya kupanda Ligi Kuu ilipotea kwa Luton, kwa matuta.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza hurudisha saa nyuma, Afrika Mashariki hairudishi chochote, na mechi za saa 11 jioni huhamia saa 12. Kila mwaka wapo wanaofungua simu saa 11 na nusu, wakakuta hakuna bao, na wakaisifu safu ya ulinzi.