Jinsi ya Kuwa Serikali Garsen: Mwongozo kwa Afisa Mgeni

Umepata barua ya Wizara ya Mambo ya Ndani: wewe ndiye naibu kamishna mpya, Tana Delta. Hongera. Tangu Oginga Odinga aiongoze wizara hiyo mwaka 1963, vyeo vimebadilishwa majina mara nyingi. Wazee bado watakuita DC, jina la zamani la cheo hicho. Itika, kisha anza kazi.

1. Soma historia ya ofisi yako. Machi 3, 1959, kambini Hola, huku huku Tana River, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa hadi kufa kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai walikufa baada ya kunywa maji. Wewe ukiandika ripoti, andika kilichoua.

2. Zijue malka zote, yaani njia za mifugo, kabla ya kiangazi. Ng'ombe wa Waorma na Wawardei hupitia humo kufika mtoni. Mashamba ya Wapokomo yako ukingoni papo hapo. Malka ikizibwa, au mifugo ikilala kwenye mahindi ya mtu, nenda siku hiyohiyo.

3. Chifu akileta habari ya watu kununiana, iamini. Agosti 22, 2012, zaidi ya watu 50 waliuawa kijijini Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Mashambulizi yakafuata Chamwanamuma na Kilelengwani, na Desemba yakafika Kipao. Marufuku ya kutoka usiku na malori ya askari yalikuja Septemba, makaburi yakiwa yameshachimbwa.

4. Kaa na wazee wa Gasa kwa Wapokomo na Matadeda kwa Waorma. Hotuba yako iweke mfukoni. Wao waseme kwanza.

5. Mvua ikinyesha nyanda za juu na mabwawa ya Masinga na Kiambere yakijaa, usingoje wingu Garsen. Hamisha watu mapema. Mwaka 2023, na tena 2024, mafuriko yaliikata barabara ya Lamu pale Gamba na Lango la Simba.

6. Uhamisho utakuja, nao huja haraka. Kabla ya kufunga virago, mwachie mwenzako daftari: malka ipi ina ugomvi, mzee yupi husikizwa, ahadi ipi haijatimizwa. Wananchi wamechoka kumsimulia kila afisa mpya habari zilezile kuanzia mwanzo.