Seneta wa Kwenye Kikombe

Kenya ilimpata Senator wa kwenye kikombe mwaka 2004, miaka 9 kabla Seneti yenyewe haijarejea. Bia hiyo ya keg ilisamehewa ushuru kwa hoja ya huruma: mnyonge aachane na chang'aa.

Mwaka 2013 Hazina ikaona mnyonge ameneemeka mno, ikamtwika nusu ya ushuru aliosamehewa. Bei ikapanda, mauzo yakaporomoka. Mei 2014 pombe haramu yenye methanoli ikaua makumi ya watu Embu, Kiambu na kwingineko. Mwaka 2015 huruma ya ushuru ikarudi.

Na si keg tu. Itazame chupa ya pombe kali katika baa yoyote Nairobi. Kwenye lebo, onyo kwamba ulevi unadhuru afya. Kwenye kizibo, stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato. Onyo kijana atalisoma akipenda. Stempu, aka! Hiyo ametengenezewa hadi programu ya simu ya kuikagua.

Julai 2025 NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wakaja na sera inayotaka umri wa kunywa utoke 18 hadi 21. Vizuri. Swali dogo tu kwa Hazina: hao wa miaka 18, 19 na 20 wakifungiwa mlango, pengo la ushuru wao litazibwa na soda?