Namba Isiyobadilika na Visa Vyake Kariakoo

Kila kifaa kinachounganishwa na mtandao, kiwe simu, kompyuta mpakato, printa au televisheni, hupewa kiwandani anwani ya maunzi, ambayo mafundi huiita MAC, nayo ni utambulisho wa biti 48 unaoandikwa kwa tarakimu 12 za mfumo ambao baada ya 9 huendelea na herufi A hadi F, kisha ukakoma hapo. Tarakimu sita za mwanzo kwa kawaida humtaja mtengenezaji, nazo hugawiwa na IEEE, jumuiya ya wahandisi yenye makao Marekani, na zilizobaki hukitofautisha kifaa na wenzake wa kiwanda kimoja. Kwa hesabu hiyo zipo anwani zaidi ya trilioni 281, na kwa nadharia hakuna mbili zinazofanana. Nadharia hiyo haijawahi kupanda ngazi za maghorofa ya Mtaa wa Aggrey.

Katika maghorofa hayo ya Kariakoo, ambako maduka kadhaa huweza kuchangia ruta moja, msimamizi aliyechoka kuona nywila ikisambaa hadi kwa wapita njia huamua kuruhusu vifaa vilivyoorodheshwa tu, hivyo humtaka kila mwenye duka alete anwani yake. Mwenye duka, bila kusita, hubonyeza *#06#. Hawezi kulaumiwa, kwa kuwa kabla ya tarehe 16 Juni 2016, siku ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia, wananchi walifundishwa kubonyeza alama hizo na kutuma tarakimu zake kwenda 15090, na somo likakaa. Lakini namba hiyo ni IMEI, inayoitambulisha simu kwa kampuni ya laini, nayo ina tarakimu 15. Mteja akielezwa kwamba zinatakiwa 12, hukubali kupunguza tatu, maana Kariakoo hakuna kinachouzwa kwa bei ya kwanza.

Anayetumia kompyuta ya Windows huelekezwa afungue dirisha jeusi la amri na kuandika ipconfig /all, naye hutokewa na orodha ndefu yenye anwani ya tundu la waya, ya Wi-Fi, ya Bluetooth, na pengine za kadi za kubuni zilizoletwa na programu, kisha huchagua ya juu kabisa, ambayo mara nyingi ni ya tundu lisilowahi kuona waya. Kwenye Linux amri ni ip link, na kwenye kompyuta za Apple ni ifconfig. iPhone huiweka katika ukurasa wa Kuhusu kwa jina la anwani ya Wi-Fi, ilhali simu za Android huificha katika Mipangilio, chini ya Kuhusu simu, mahali ambapo kila mtengenezaji amepapanga atakavyo. Windows hutenganisha tarakimu kwa vistari, wengine kwa nukta pacha. Anwani ikisomwa kwa simu huku spika za wauza nguo zikinadi nje, "bi" na "di" huwa herufi moja, na sifuri huandikwa O, herufi ambayo mfumo huo hauna kabisa.

Kisa kinachostahili heshima ya pekee ni cha simu zenye chipu za MediaTek zilizoflashiwa, yaani zilizofutwa na kuwekewa programu upya. Eneo la kumbukumbu liitwalo NVRAM, linalotunza IMEI na MAC, likiharibika, miongoni mwa mitandao ya Wi-Fi hujitokeza mmoja unaoitwa "NVRAM WARNING: Err = 0x10", na mwenye simu, akidhani ni ruta ya jirani, huzunguka ghorofa nzima akiomba nywila yake.

Hata aliyefanya yote sawasawa hana uhakika wa kuingia. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu huupa kila mtandao anwani ya kubuni ili mwenyewe asifuatiliwe anakopita, hivyo msimamizi huandika namba ya kweli, simu ikajitambulisha kwa nyingine, na lawama zikaiangukia ruta, inayozimwa na kuwashwa mchana kutwa bila kosa lolote. Anwani hizo za kubuni hujulikana kwa tarakimu ya pili, ambayo huwa 2, 6, A au E.

Orodha ya MAC, kwa hiyo, ni mlinzi dhaifu, kwani hata kompyuta ya kawaida inaweza kubadilishiwa anwani kwa amri chache. Nywila madhubuti inayobadilishwa mara kwa mara hulinda zaidi. Msomaji atakayelazimika kupeleka anwani hiyo na azime kwanza anwani ya kubuni (ya faragha) kwenye mtandao husika, apige picha ya kioo, aitume kwa WhatsApp, wala asiisome kwa sauti.