Mwongozo wa Kuunda Bendi Hewa Bila Kudhurika

Wafanyakazi hewa tunawajua: majina yamo kwenye orodha ya mishahara, wenyewe hawapo. Bendi hewa ni ndugu yao asiye na madhara. Jina lipo, kava ya santuri ipo, orodha ya nyimbo ipo, hata ugomvi wa mpiga solo na mwimbaji upo. Kinachokosekana ni muziki. Hakuna fedha ya umma inayoliwa, ndiyo maana mchezo huu haujawahi kuundiwa tume.

Wengi huuanza kwa karatasi moja na penseli, wakiamini watamaliza kabla chai haijapoa. Mwongozo huu ni kwa ajili yao.

Hatua ya kwanza: jina

Mtandaoni kuna njia ya mkato. Fungua makala ya Wikipedia kwa bahati nasibu: kichwa chake ndicho jina la bendi. Chukua nukuu yoyote: maneno yake ya mwisho ndiyo jina la albamu. Picha utakayoangukia ndiyo kava. Ukijaribu kwa Wikipedia ya Kiswahili, uwe tayari kuangukia kata, maana makala fupi za kata zimejaa humo. Usikate tamaa. Majina ya mahali ndiyo yaliyojenga dansi letu: Tabora Jazz, Morogoro Jazz, Dodoma Jazz. Na wala usijisumbue kutafuta jazz ya Wamarekani humo ndani. Neno hilo lilikuwa cheo tu, kama vile Alhaji.

Kama huna mahali, tafuta mwajiri. Polisi walikuwa na Polisi Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, watu wa bima wakawa na Bima Lee. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka JUWATA bendi ikaitwa JUWATA, kilipogeuka OTTU ikaitwa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Kwa mfano wetu tuchukue Mizani Jazz Band, bendi ya watumishi wa mzani wa malori, ambao haupo popote.

Tahadhari: maneno Super, Original na International yatumike kwa kiasi. Moja linatosha. Ukiyaweka yote matatu, msomaji wa kava atajua kwamba bendi imeshavunjika mara tatu.

Hatua ya pili: mtindo

Hapa ndipo wageni wanapoumbuka. Bendi ya dansi bila mtindo ni genge la watu wenye magitaa. Mlimani Park walikuwa na Sikinde, JUWATA wakawa na Msondo, Maquis wakaja na Kamanyola, Western Jazz walikuwa na Saboso. Mashabiki walitambiana kwa jina la mtindo kuliko jina la bendi, na hadi leo ukitaja Sikinde na Msondo kwenye meza moja, uwe umeshalipa bili yako.

Mtindo wa Mizani Jazz ni Shusha Mzigo. Ukishauandika, utajikuta unajiuliza unachezwaje. Usisimame. Watu wameumia viuno kwa mambo madogo kuliko hayo.

Hatua ya tatu: kava

Zamani albamu za santuri ziliuzwa ndani ya majalada yasiyo na picha. Mwaka 1940 msanii Alex Steinweiss, aliyekuwa akifanya kazi Columbia Records huko Marekani, akaanza kuyachorea picha, na tangu hapo muziki ukawa unauzwa pia kwa macho. Kava ya santuri kubwa ina upana wa takriban sentimita 30 kila upande. Ni eneo dogo, lakini uongo wote wa bendi yako lazima uenee humo.

Kanuni ni hii: kadiri bendi inavyokuwa ya uongo, ndivyo kila kitu kingine kinavyotakiwa kuwa cha kweli. Waweke Mizani Jazz wanane juu ya bamba la mzani, wamepangana kwa kimo. Wavalishe bugaluu na viatu vya raizoni, maana ni mwaka 1974. Mpuliza domo la bata ameazimwa suti, mikono imemzidi. Kiongozi ameinua kidogo mkono wa kushoto ili saa ionekane. Nyuma yao dereva wa lori amechungulia dirishani, naye si mwanamuziki: anasubiri wamalize apimwe. Pembeni, kwa herufi nyekundu zilizonakshiwa kivuli cha njano, andika jina la albamu: *Mzani Hauna Shemeji*.

Kwa nyuma orodhesha nyimbo. Wimbo wa kwanza upande wa A uwe malalamiko ya ndoa. Wa pili uwe nasaha kwa vijana. Wa tatu umsifu mwajiri, kwa sababu ndiye aliyenunua vyombo. Kama ni santuri ndogo, wimbo mmoja ukatwe vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande ule, ili msikilizaji ageuze sahani pale magitaa yanapoanza kuchangamka.

Tahadhari kwa wanaotumia akili bandia kuchora: hesabu vidole vya mpiga besi. Kisha hesabu nyuzi za gitaa lake.

Hatua ya nne: wanamuziki

Ukishawapa majina, wataanza kuhama. Huwezi kuwazuia, ni desturi ya kazi. Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa waliiacha Simba Wanyika jijini Nairobi wakaunda Les Wanyika, na baadaye ikazaliwa Super Wanyika. Mpiga solo wako akisikia hayo, kesho yake utamkuta ameanzisha Mizani Original, nawe ndiye utakayeichorea kava. Ndivyo jioni moja inavyogeuka mwezi.

Hatua ya tano: watakaotaka kusikia

Siku moja mtu ataiona kava yako mezani na kukuambia wimbo wa kwanza anaukumbuka vizuri, ulipigwa kwenye harusi ya dada yake. Usimkatalie. Lakini ujue hatari iliyo mbele: bendi za kubuni zina tabia ya kudai uhai. Mwaka 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha vijana wanne waliokusanywa waigize bendi iitwayo The Monkees. Mwaka uliofuata walishadai kupiga vyombo wenyewe kwenye rekodi zao, wakapiga. The Archies walikuwa wahusika wa katuni, lakini mwaka 1969 wimbo wao "Sugar, Sugar" ulishika namba moja nchini humo. Waliouimba walikuwa binadamu. Sifa zikaenda kwa michoro.

Hatua ya sita: kuzama kabisa

Aliyezama kuliko wote ni Mmarekani mmoja wa Washington aliyejiita Mingering Mike. Kuanzia mwaka 1968, kwa karibu miaka kumi, alichora kava za albamu za nyota wa muziki wa soul ambaye ni yeye mwenyewe. Hakuishia kwenye kava. Ndani yake aliweka sahani za kadibodi alizozikata duara na kuzipaka mistari ili zifanane na santuri, akabuni kampuni za kurekodi, na baadhi akazifunga kwa nailoni kama zilizotoka dukani. Baadaye vitu vyake vilimpotea, vikaibuka kwenye soko la mitumba ambako mpenzi wa santuri aitwaye Dori Hadar alivikuta na kumsaka mwenyewe. Mwaka 2013 jumba la sanaa la Smithsonian likazichukua kazi hizo. Hizo ni santuri ambazo sindano haijawahi kuzigusa, na zimehifadhiwa vizuri kuliko santuri nyingi zilizopigwa.

Tiba

Ukifika hapo, tiba ipo, nayo iko nyumbani. Wewe una kava isiyo na nyimbo. Nchi hii ina nyimbo nyingi zisizo na kava: katika miaka ya 1970 na 1980 bendi zetu zilirekodi kwenye studio za Radio Tanzania, utepe ukahifadhiwa, wimbo ukarushwa hewani ukapendwa nchi nzima, na wengi wa waliopiga hawakupata hata kipande cha karatasi chenye picha yao.

Basi iache Mizani Jazz ipumzike, chagua wimbo mmoja wa namna hiyo na uutengenezee kava inayoustahili. Watafute wazee wakuambie nani alipiga ridhimu siku ile, nani alipiga tumba, suti zilikuwa za rangi gani. Andika majina yote, na uyaandike sawasawa. Wanamuziki hewa ukiwasahau hawasemi kitu. Hawa wana wajukuu, na simu yako wanayo.