Boneti Ikifunguka, Wataalamu Hawakosekani

Ukitaka kujua jirani zako wana vipaji gani, simamisha gari mbele ya nyumba saa kumi na moja jioni, fungua boneti, kisha nyamaza. Usiite mtu. Kabla hujamaliza kukunja mikono ya shati atatokea muuza genge, atatokea kijana wa bodaboda, atatokea mwalimu mstaafu aliyekuja kudai mchango wa ulinzi shirikishi, na wote watainamia injini kwa nyuso za msiba. Kisha mmoja atauliza swali ambalo Tabata nzima hulisubiri: "Unaweka oili gani?"

Gari lenyewe ni Toyota Passo, silinda tatu, injini ya 1KR-FE yenye cc 996, yaani haijafika hata lita moja ya ujazo. Lilishuka bandarini likitokea Japani na mazoea yake yote ya kwao: redio inayogota kwenye masafa ya 90, kistika cha sevisi ubavuni mwa mlango, na dada mmoja asiyeonekana ambaye kila nikiwasha gari hunisemesha Kijapani kwa adabu kubwa. Shemeji yangu alishikilia kwamba dada yule analalamikia oili. "Sikiliza hiyo sauti," alisema. "Huyo anaomba." Siku nilipompa lifti kijana aliyewahi kusoma Osaka, alicheka mpaka akafuta machozi. Dada anakumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara za mwendo kasi haijachomekwa. Gari liko kwenye foleni ya Buguruni, yeye bado anadai kadi ya barabara za Japani, na hajakata tamaa.

Basi fundi alikuja na kutoa hukumu bila kushika kitu. "Weka nzito," alisema. "Hizi nyepesi ni za Wazungu, kule kwenye barafu. Dar joto, bosi. Oili ikipata joto inalegea. Sasa ukianza na iliyolegea tayari, ikifika Ubungo itakuwa nini? Maji ya mchele!" Watu wakaguna kukubali. Muuza genge aliguna kuliko wote, na hana gari.

Ubaya wa hoja ile ni kwamba inaingia akilini. Oili kweli hulegea ikipata joto, na Dar kweli ni joto. Kilichosahaulika ni kwamba injini ina joto lake na haliombi kwa jua. Kuna kidude kinaitwa thamostati, ambacho huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi themanini na kitu, kisha hufungua na kujitahidi yasipande sana. Kwa hiyo injini ikishachemka, Sapporo na Sinza kwake ni mtaa mmoja. Tofauti ipo, sikatai, hasa ukipanda mlima na mzigo au ukioka kwenye foleni na kiyoyozi kimewashwa, lakini si tofauti ya kumtoa mtu kwenye oili nyepesi ya 20 na kumtupa kwenye nzito ya 50.

Wakati wote huo fundi alikuwa ameshika kifuniko cha kujazia oili. Alikifungua mwanzoni mwa hotuba akawa anakitumia kuonyeshea, mara kaskazini mara kusini, dole gumba limekibana katikati. Simu yake ilipoita, akakiweka juu ya betri. Nikakichukua, nikakifuta kwa tambara, na chini ya grisi ya miaka zikatokea herufi za kuchongwa: 0W-20. Jibu la swali lililokusanya mtaa mzima lilikuwa chini ya kidole cha aliyekuwa anahutubia.

Nikamwonyesha. Hakutetereka hata kidogo. "Hiyo," alisema, "waliandika wakidhani gari litabaki Japani."

Nikaenda kwenye kitabu cha gari. Kimo ndani ya dashibodi, kinene kama msahafu, Kijapani mwanzo mwisho, na picha za mtu mdogo anayefurahia mkanda wa kiti. Nilikifunua ukurasa kwa ukurasa, na katika maandishi yale yote macho yangu yaliambulia kitu kimoja tu, kwenye jedwali karibu na mwisho: 0W-20.

Sasa namba zenyewe. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilianza kupanga oili kwa madaraja mwaka 1911, na mpango huo umeongezwa na kupunguzwa mpaka leo. Namba iliyo kabla ya W inahusu baridi. Oili ya 0W hupimwa kama itairuhusu injini kuzunguka kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri. Ya 20W hupimwa kwenye 15 chini ya sifuri. Kwa mkazi wa Tabata, ambaye nyuzi 20 juu ya sifuri zikimkuta alfajiri ya Julai huvaa sweta na kulaumu serikali, habari hii inaonekana haimhusu. Lakini inamhusu kidogo, kwa sababu hata asubuhi ya Dar injini ni baridi ukilinganisha na nyuzi mia, na hapo 20W-50 huwa nzito kuliko 0W-20 mara tatu hivi au zaidi. Inachelewa kupanda, na sehemu za juu za injini zinaisubiri.

Namba ya pili ndiyo ya kazi: uzito wa oili ikiwa ya moto, kwenye nyuzi 100. Kwa kipimo cha mnato kiitwacho sentistoki, daraja la 20 huanzia 6.9 na halifiki 9.3, daraja la 50 huanzia 16.3 na halifiki 21.9. Yaani ukimwaga 50 mahali pa 20, umeweka kitu kizito karibu mara mbili au zaidi, ndani ya injini ambayo nafasi zake zimepimwa kwa unywele. Na injini hizi za VVT-i hazitumii oili kwa kulainisha tu. Presha ya oili ndiyo inayosukuma na kuzungusha kamshafti mbele au nyuma ili valvu zifunguke kwa wakati unaofaa, ikipita kwenye vijia vyembamba na chujio dogo. Oili nzito inafika, lakini inafika kwa wakati wake. Pampu nayo inakula nguvu zaidi kuisukuma, na nguvu hiyo unailipia pale sheli.

Nilipomwambia fundi kwamba wenzetu wamekwenda mbali zaidi, kwamba SAE iliongeza daraja la 16 mwaka 2013 na la 12 na la 8 mwaka 2015, na kwamba 0W-8 ni oili halali kabisa ya injini, aliketi juu ya ndoo. "Hiyo si oili," alisema. "Hiyo ni nia ya oili."

Habari zikafika Tanga. Sijui nani alizipeleka, ila namshuku shemeji. Mjomba akapiga simu usiku. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyeshika jembe. "Mpwa wangu, usimwage wala usiweke kitu mpaka nije." Mjomba aliendesha Peugeot 504 toka Nyerere yuko Ikulu, Tanga hadi Moshi na kurudi, na oili namba 40, na hakuna aliyewahi kumshinda kwa mabishano ya gari isipokuwa shangazi. Akaja kwa basi, na mapajani kafunga kwa kitenge galoni la 20W-50. Zawadi. Kwetu zawadi ya mjomba haikaguliwi lebo.

Na ukweli usemwe: kwa Peugeot yake Mjomba alikuwa sahihi. Injini za enzi zile zilitengenezwa zikae na oili za aina ile, hazikuwa na VVT-i, na barabara zenyewe zilidai uvumilivu. Tena hata leo, injini ileile ikiuzwa nchi nyingine utakuta kitabu chake kinaruhusu madaraja mengi zaidi kwa kufuata joto la mahali, kwa sababu sehemu ya mbio za oili nyepesi kule Japani na Marekani ni sheria za kubana matumizi ya mafuta. Na injini iliyochoka, inayokula oili na kutoa moshi, mtu anaweza kuipandisha daraja moja, akajua anachofanya. Passo langu halikuwa limechoka. Lilikuwa limezungukwa.

Basi nikalipeleka kwenye gereji moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa bado nina haja ya kupita mtaa ule. Nikasema wazi: sifuri-W-ishirini, lita tatu na kidogo, ndizo linazochukua pamoja na filta mpya. Nikaenda kuswali Alasiri. Nyuma yangu fundi mkuu alimpa deiwaka fedha aende duka la spea, na duka la spea lilimpa lililokuwepo. Niliporudi nikakuta galoni tupu la lita nne juu ya ngao ya gari, mbele lina picha ya lori la tani nyingi linapanda mlima. 15W-40. Nyuma, kwenye maandishi madogo, kuna alama ya API ikifuatwa na CI-4. Mpango wa Wamarekani huo unazipa oili za injini za petroli herufi ya S mbele, mpaka SP iliyoanza mwaka 2020, na C huzipa oili za dizeli. Passo, kimo cha kabati la vyombo, lilikuwa limelishwa chakula cha lori.

"Imeingia yote?" nikauliza.

"Yote," deiwaka alijibu kwa fahari. "Imeshalipiwa, bosi. Sasa ile iliyobaki ningeirudisha wapi?"

Nikavuta stiki ya oili. Oili ilikuwa imepita alama ya juu ikaendelea na safari. Kwa kuwa fundi mkuu alisema "itajipunguza yenyewe", akataka tulijaribu, tukaingia Barabara ya Mandela yeye akiendesha. Injini ikijazwa kupita kiasi, krenki huipiga oili ikawa povu, na povu haliwezi kushika presha. Oili nyingine hupitia bomba la kupumulia ikaenda kuungua pamoja na petroli. Haya niliyajua kwa kusoma. Nyuma yetu yakathibitishwa na moshi wa buluu ambao abiria wa daladala walifunga madirisha wasiuvute. Trafiki aliinua mkono kutusimamisha, akatutazama, akaushusha. Nadhani alituhurumia.

Kupunguza nako kulikuwa na mambo yake. Deiwaka alilala chini akailegeza nati ya sampu ili itoke nusu lita tu, aifunge. Ikamponyoka, ikaangukia ndani ya beseni la oili chafu ya magari yote ya siku ile. Akawa anaipapasa kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto ameziba tundu kwa kidole, oili ya moto inamtiririkia mpaka kwenye kiwiko. "Nimeipata!" alipiga kelele. Ilikuwa ni plagi kuukuu. Akaendelea kupapasa. Ilipopatikana nati ya kweli, kidole kilikuwa kimeshachoka kuziba na lori lote lilikuwa limeshatoka kwenye Passo.

Hasara ile ndiyo ilikuwa nusura. Kwa kuwa injini ilikuwa tupu na hakuna mwenye nguvu ya kubishana tena, nilikwenda mwenyewe duka lingine, nikatafuta 0W-20 yenye herufi za SP na mhuri wa kifuniko usioguswa, nikasimama kichwani kwa deiwaka akimimina. Lita tatu, subiri, stiki, kidogo tena, stiki. Iliyobaki niliifunga nikarudi nayo nyumbani. Gari likawaka, dada akadai kadi yake, tukaondoka.

Limebaki suala la galoni la Mjomba. Mzee jirani yangu ana Land Rover 109 inayobeba matofali, injini ya zamani inayovuja kwa utaratibu maalumu kila anapoegesha, na aliponiona nimeshika 20W-50 alinitazama kwa macho ya mtu aliyeletewa posa. Nikampa. Inamfaa, na Land Rover sasa hivi haigongi asubuhi kama zamani. Mjomba alipopiga simu kuulizia, mke wangu ndiye aliyepokea. "Imetumika yote, Mjomba," alimwambia, "na gari linakwenda vizuri mno." Hakuna neno la uongo hapo, hakuulizwa ni gari la nani.

Sasa Mjomba, ukisoma hapa umeshajua, na shikamoo tena. Ukija Desemba usihangaike na galoni. Tuletee machungwa ya Muheza.