Jinsi ya Kupanda Treni Ukiwa Mtu wa Lufingo

Kwanza kubali kwamba kwetu Lufingo, Rungwe, hakuna reli. Hata ukisimama juu kabisa kwenye mashamba ya chai ukatega sikio, utakachosikia ni lori la ndizi linapambana na mlima. Treni inafuatwa.

Panda Hiace mpaka Uyole, na ukishuka usikimbilie mjini. Hapo ndipo reli ya TAZARA inapofika juu kuliko mahali pengine popote: mita 1,789 na ushei kutoka usawa wa bahari. Katika kilomita zote 1,860, Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, hakuna panapoizidi Uyole. Sisi wa Rungwe tunapita hapo na magunia yetu ya viazi bila kugeuza shingo. Geuza.

Stesheni ya Mbeya iko nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya Tunduma. Ulizia safari kabla hujafunga mizigo. Daraja la kwanza chumba kimoja ni watu wanne, la pili sita, na wanawake hulala kwao, wanaume kwao. Mume na mke wanaotaka kulala pamoja wanunue chumba kizima. Hili mlizungumze nyumbani, sio mbele ya dirisha la tiketi watu wakisikiliza.

Treni ikiingia, acha wenzako wagombee mlango. Wewe nenda mbele kwenye kichwa. Simama karibu mpaka uhisi sakafu ya jukwaa ikitetemeka chini ya viatu na harufu ya dizeli ikuingie kwenye sweta. Itadumu humo mpaka ulifue. Reli ilipokabidhiwa mwaka 1976, vichwa vyake vilikuwa vya Qingdao, China. Humo injini ya dizeli ilisukuma mafuta ndani ya gea, na nguvu ya mafuta hayo ndiyo iliyozungusha magurudumu. Milima yetu iliviadhibu. Miaka ya 1980 vikaja vya General Electric, aina ya U30C: dizeli inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Mzigo ukizidi, utasikia injini inanguruma wakati magurudumu yenyewe yanajikokota. Hapo inafanya kazi yake sawasawa, usianze kusali.

Beba chakula cha siku mbili kwa safari ya siku moja, na ndizi za kugawa, maana utamaliza safari ukiwajua watoto wa jirani yako wote kwa majina. Kati ya Makambako na Mlimba ni marufuku kulala. Reli inateremka kuelekea bonde la Kilombero kwa mahandaki na madaraja marefu, na kila handaki linapoisha mwanga unakurudishia bonde jingine. Watanzania, Wazambia na Wachina kwa makumi ya maelfu walifungua njia ile. Ukimpata kijijini mzee aliyekuwa mmoja wao, kamsalimie kabla ya kukata tiketi, na uende na muda wa kutosha.

Ukifika Dar, usione haya kupanda na treni ya mjini. Ilipoanza mwaka 2012 watu waliiita Treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, jirani yetu wa Kyela. Mabehewa yalikuwa ya zamani, lakini yaliwafikisha watu kazini.

Haya yote uyafanye sasa, kabla mambo hayajabadilika. Septemba 2024, huko Beijing, yalisainiwa makubaliano ya kuifufua TAZARA mbele ya marais wa China, Tanzania na Zambia. Ifufuliwe, tena haraka. Ila kichwa kimoja cha U30C kibaki Mbeya, kipakwe rangi, kiwekewe ngazi, ili mtoto wa darasa la tatu kutoka Lufingo apande mpaka kwenye kiti cha dereva na kushika breki kwa mkono wake. Mwambie diwani. Ukikutana na mbunge msibani, subiri mazishi yaishe, kisha mwambie na yeye.