Muhadhara wa Bingwa Kuhusu Mnyororo wa Nanga

Waheshimiwa mabaharia wa Lamu, nanyi watoto mliokalia magunia: nyamazeni. Bahati ya kunisikia haiji kila siku, ila kwa wale wanaoketi nami barazani.

Nimeombwa nizungumzie utunzaji wa chombo. Nimejiomba mwenyewe, maana mjini humu sioni mwingine mwenye hadhi ya kuniomba.

Mnyororo wa nanga ukivutwa kutoka kwenye kijito cha mikoko hupanda na tope jeusi linalonuka yai viza. Baharia mshamba atashika ndoo na brashi, asugue pete moja moja kabla mnyororo haujaingia omo. Mimi huuacha. Tope ni koti la chuma. Nadharia yangu hiyo. Kijana mmoja wa sekondari alisimama akadai kwamba tope lile halina hewa, na vijidudu wanaoishi humo ndio wanaokula chuma. Nikamuuliza, baba yako nani? Mjadala ukaishia hapo, kielimu kabisa.

Kabla sijaendelea, mmeiona kofia yangu? Ya vito, kazi ya mkono, mshonaji amekaa nayo miezi. Nahodha hujulikana kwa kofia. Wapo wanaonung'unika kwamba fedha ile ilikuwa ya pamba ya kukalafati na mafuta ya sifa. Nawauliza: nani amewahi kuvaa sifa kwenda harusini?

Ama mashua yangu, inangoja bamvua. Maji yakijaa sawasawa nitaipandisha pwani, niichome moto chini, niipake shahamu, ile chokaa iliyochanganywa na mafuta, kuwazuia wale viumbe wanaotoboa mbao. Wapinzani wananikumbusha kwamba bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukipevuka. Najua! Niliwafundisha mimi! Lakini bamvua ipi? Mtu wa kawaida huchukua yoyote, bingwa huchagua. Nachagua tangu Kusi ya mwaka juzi.

Tafadhali msigeuze shingo wakati nasema. Ndiyo, mashua ile inayochukuliwa na maji yakupwayo kuelekea Shela, bila mtu ndani, ni yangu. Naitambua kwa rangi niliyokusudia kuipaka. Na kipande cha mnyororo kinachoning'inia omo, angalieni wenyewe, bado kina koti lake.

Mwenye boti ya mashine aifuate haraka kabla haijafika bahari kuu. Petroli yake, maelekezo yangu.